Manchester Ndani ya Handaki

Siku ile shambani Guta tulikuwa wanne: mimi Magesa, mdogo wangu Wandwi, dada yetu Nyangeta, na mama mdogo aliyetusimamia tangu wazazi wetu wafariki. Tulikuwa tunachambua pamba, safi huku, fifi, ile yenye madoa, kule. Mimi niliacha shule darasa la tano ili wadogo zangu wale. Wandwi alikuwa amemaliza kidato cha nne Musoma.

Mwenyekiti wa kijiji akaja kuita mgambo. Majeshi ya Uganda yalikuwa yameingia Kagera. Mimi na Wandwi tukaitika.

Nyangeta alinifuata hadi njiani. "Kaka, wewe ndiye baba. Umrudishe Wandwi."

Kagera tulichimba handaki kwenye shamba la migomba. Wenyewe walikuwa wamekimbia. Mvua haikukatika. Ili tusahau baridi, Wandwi alitufundisha Manchester, mji wa kaskazini mwa Uingereza ambako, kwa mujibu wa kitabu chake cha jiografia, pamba iligeuzwa nguo. Aliuchora kwa kijiti kwenye tope: mto Irwell, vilima upande wa mashariki, mfereji uliochimbwa ili meli za baharini zifike mjini, viwanda na mabomba yake ya moshi, nyumba za wafanyakazi za matofali mekundu, zimebanana mstari kwa mstari.

"Huko inanyeshaga mwaka mzima," alisema. "Unyevu ndio unazuia nyuzi zisikatike."

"Kumbe pamba yetu inasafiri kote huko kwenda kunyeshewa. Si wangejenga viwanda humu handakini?" nilisema.

Alicheka. "Kaka, wewe ungesoma ungetusumbua."

Asubuhi iliyofuata mizinga ilinyamaza. Tukamsikia ng'ombe analia. Alisimama peke yake uwanjani, kiwele kimevimba, hana wa kumkamua.

"Usitoke," nilimwambia Wandwi.

"Anaumia, kaka. Kiwele kitaoza."

Wenzetu wa pwani mle handakini walishangaa. Sisi wa Mara, watu wa ng'ombe, tulielewa.

Wandwi alitoka, akamfikia. Akachuchumaa. Akaanza kukamua.

Lilianguka bomu moja tu.

Nilipomfikia alikuwa ameshakata roho.

Tulimzika palepale migombani, kwa haraka, maana amri ilikuwa kusonga mbele.

Niliporudi, Nyangeta hakunilaumu. Aliuliza, "Kichwa mlikielekeza wapi?"

"Nyumbani."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani.

Tulishinda vita, na ilibidi tushinde. Lakini kando ya kaburi la mama pana nafasi ambayo hatujawahi kuilima. Mimi nimeota mvi, na mifupa ya mdogo wangu bado iko ng'ambo ya ziwa, kwenye shamba la watu. Sijamrudisha.