Jibu la Damu Lililochelewa Kidahwe

Saa moja asubuhi, Elinipa Mshana anaingia wodi ya walioungua akiwa na trei ya vichupa vya damu. Leo atachukua damu ya wagonjwa wawili tu, lakini anasimama kwenye vitanda vyote tisa.

"Namba ya damu yake juzi ilishuka, jana ikapanda kidogo," anamwambia mama anayempepea mwanawe. "Kesho nitarudi. Ukiniona tena usiogope."

Wenzake humtania kwamba amegeuka mhubiri wa maabara. Yeye hacheki. Mtaalamu huyu wa maabara, mzaliwa wa Same aliyehamishiwa Kigoma miaka sita iliyopita, ana sababu yake, na sababu hiyo ina jina: Protais Ngendakumana.

Protais, mkimbizi kutoka Burundi, aliletwa hospitalini hapo mwaka 2016 baada ya hema lake kambini kushika moto. Aliungua karibu nusu ya mwili. Siku ya sita, maambukizi yaliingia kwenye damu.

Kwa mgonjwa wa namna hiyo, daktari hutegemea vipimo vya damu kukadiria kama atapona. Kimojawapo ni hesabu ya chembe zinazogandisha damu. Mtu mwenye afya huwa nazo 150,000 au zaidi katika kila mikrolita ya damu. Protais alikuwa na 62,000. Siku mbili baadaye, 38,000.

"Namba moja haimhukumu mtu," anasema Elinipa. "Tunatazama inaelekea wapi. Ndiyo maana tunapima tena na tena."

Hilo hakuna aliyewaeleza ndugu. Wanawake waliouguza wodini walikuwa na hesabu yao wenyewe: dada wa vichupa akirudi mara ya tatu kwa mgonjwa yuleyule, mwandalieni safari ya kurudi kambini. Na kwa watu waliokwisha kupoteza nchi, kufia mbali na wenzao kambini kulitisha kuliko kifo chenyewe.

Elinipa alipokuja mara ya tatu, Capitoline, mke wa Protais, aliitazama sindano, kisha akaanza kukusanya vitu vyao. Sampuli ikiwa bado kwenye foleni maabara, yeye na shemeji yake walimbeba mgonjwa, wakampakia kwenye gari la kukodi.

Jibu lilitoka: 71,000. Kwa mara ya kwanza, namba ilikuwa imepanda.

Elinipa alikimbilia wodini akakuta kitanda kitupu. Akadandia bodaboda, karatasi mkononi. Aliwakuta Kidahwe, njiani kuelekea kambini. Gari lilikuwa limesimama kando ya barabara, na Capitoline alikuwa amekaa chini. Protais alikuwa amefunikwa kitenge.

"Nilikunja karatasi nikaitia mfukoni," anasema, machozi yakimtoka. "Nikampa pole. Ningemwambia nini?"

Majuto ni mjukuu, na haya ameyalea miaka miwili. Alipokubali kuhojiwa, alitoa sharti moja: lisiandikwe lolote mpaka Capitoline, aliyejiandikisha kurudi Burundi, asikie kwanza kutoka kinywani mwake. Jumamosi iliyopita tulikwenda naye kambini.

Capitoline alimwekea kigoda. Elinipa alisema yote.

"Muganga, nilijua," Capitoline alijibu, akimwita daktari kwa Kirundi. "Nilikuona ukikunja ile karatasi. Ingekuwa ya kifo, ungenisomea ili moyo wangu utulie. Ulipoificha, nikajua mume wangu alikuwa anapona."

"Mbona hukuniuliza, dada yangu?"

"Niliogopa utanijibu."

Kisha Capitoline akaiomba ile karatasi, ambayo Elinipa alikuwa amekuja nayo, akaiweka pamoja na hati zake za kurudi nyumbani.

Sasa Elinipa, kwa ruhusa ya daktari, huwapelekea ndugu majibu yeye mwenyewe, yawe mazuri au mabaya. Amewaomba wakuu wake kitu kimoja: benchi nje ya dirisha la maabara.

"Nataka wakae pale, wasubiri namba pamoja na mimi," anasema huku akichukua trei yake. "Wakiamua kuondoka, waondoke wakijua."