Niliisafisha Santuri ya Mzee kwa Spiriti, Sasa Anaamini Akili Zimemwisha

Admin, nakuomba unifichie jina, maana Waswahili wa huku Toronto tunajuana wote.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na saba, Mtanzania, naishi Mount Dennis na mume wangu na mtoto wetu wa mwaka na nusu, ambaye mpaka leo hajajua usiku ni wa kulala. Shule niliishia kidato cha nne, mnivumilie nikiandika ovyo. Kazi yangu ni kumwangalia mzee mmoja wa Kizungu, mjane wa miaka themanini na mbili, anayeishi peke yake. Nampikia, nasafisha nyumba, namwandalia sindano yake ya sukari. Kibali changu cha kukaa huku kimefungwa kwenye kazi hiyo. Tangu Jumanne hata nepi ya mtoto naifunga kinyume.

Mzee ana chumba kizima cha santuri, zile sahani nyeusi nzito za zamani. Ni nyimbo za Wamarekani weusi wa mashambani, mtu mmoja na gitaa lake. Ujana wake aliumaliza akiendesha gari huko kusini mwa Marekani, anabisha hodi nyumba kwa nyumba kuuliza kama wana santuri kuukuu. Nyingine alizikuta uvunguni, nyingine zimeliwa na panya. Siku ya kwanza aliponiwekea moja nilisikia kelele tupu, kama mtu anakaanga vitumbua. Nikacheka. Akaniambia, "Subiri, Mama, yuko nyuma ya hizo kelele." Ananiita Mama kwa sababu nilimwambia kwetu mwanamke aliyezaa huitwa hivyo.

Kweli alikuwepo. Mwanamke anaimba kutoka kooni, kama mama zetu wanavyolia msibani, halafu gitaa linamjibu. Mwili ulinisisimka. Mzee akasema santuri ile aliikuta imefunikia ndoo ya unga. Jina la mwimbaji limefutika. Yeye na wenzake wanaokusanya vitu hivi wameandikiana barua miaka na miaka, na hakuna aliyewahi kuona nyingine. Ni hiyo moja tu. Tangu siku hiyo nikimaliza kazi namwomba aniwekee yule mama kabla sijapanda basi.

Miaka yote alikataa mtu kuinakili. Mwezi huu akakubali, rafiki yake aje na mitambo yake ainakili ili na wengine wasikie. Jumanne mzee kalala baada ya chakula cha mchana, mimi nikaiona ina vumbi. Alishanionya nisiziguse. Lakini kaka yangu Morogoro alikuwa na kibanda cha kurekodi kanda, na kila asubuhi alisafisha mashine kwa pamba na spiriti, muziki unatoka safi. Mimi nikajua spiriti ndiyo dawa ya muziki. Nikachukua ile ya sindano, nikapangusa upande ule anaoimba yule mama. Kitambaa kikatoka cheusi, nikafurahi, nikasema kumbe ilikuwa chafu hivi! Nikapangusa tena. Ndipo nikaona ile mistari yake imeyeyuka kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Nikairudisha kwenye karatasi yake. Nikaenda kuosha vyombo.

Jumatano akaiweka. Ikatoka shhh tu, yule mama hayupo. Akaishika karibu na dirisha, akaigeuza, akainusa. Akasema santuri hizi si plastiki, pombe ikizigusa zinayeyuka. Halafu akakaa chini. "Nimeimwagia kinywaji changu," akasema. "Nimeimwagia, na sikumbuki." Maana jioni huwa anakunywa kidogo. Mimi nimesimama pale na ufagio, nikamwambia, "Pole, mzee." Hiyo pole inanichoma mpaka sasa.

Siku hiyohiyo akampigia rafiki yake asije. Halafu akampigia mwanawe wa kiume, ambaye siku nyingi anataka kumpeleka nyumba ya wazee. Nilimsikia mwenyewe: "Ulikuwa sahihi. Sifai tena kukaa peke yangu." Mwanawe anakuja Jumapili na makaratasi ya kusaini.

Nilimweleza mume wangu. Akaniangalia kama nimeota pembe.

"Wewe una wazimu? Mwenye mali kasema ni yeye. Mungu kakufungulia mlango, unarudi kubisha hodi ya nini?"

"Baba Fulani, si yeye. Ni mimi."

"Huyo mwanawe ataita polisi. Kampuni iliyokuajiri itakufuta kazi. Tukirudishwa nyumbani utawaambia watu umerudishwa kwa kosa la kupangusa vumbi?"

"Ningevunja kikombe ningenyamaza. Hapa nimemvunja mtu akili yake."

"Basi hiyo huruma yako mlishe nayo mtoto," akanigeuzia mgongo.

Na mimi naogopa, jamani, sitawadanganya. Simu ikilia naangalia kwanza ni nani. Nikiona gari la polisi nashika mtoto kwa nguvu mpaka analia. Mume wangu hajakosea, mwanawe ni mtu mkali, na mimi ni mgeni.

Sasa leo, Ijumaa. Mzee ameanza kubandika vikaratasi jikoni kujikumbusha kama amezima jiko. Hajawahi kuliacha jiko, mimi ni shahidi. Nilipokuwa navaa koti akaniita.

"Mama, Jumapili uje ukae nasi. Mwanangu atakuuliza ninavyosahau, na mimi mwenyewe sijui tena. Mwambie ukweli wote, hata ukiniumiza. Wewe ndiye unayeniona kila siku."

Nikaitikia ndiyo. Nimelia kwenye basi mpaka Mount Dennis.

Ndugu zangu, msiniambie niombe, nimeshaomba. Na msiniambie ninyamaze, huyo ninaye nyumbani. Kusema nitasema, sitamwacha asaini kwa kosa langu. Ninachokosa ni njia tu. Nimwambie yeye kesho tukiwa wawili, au nisubiri Jumapili mbele ya mwanawe? Aliyewahi kukiri kosa kwa bosi wake akiwa ugenini, na mtoto mgongoni, aniambie: ulianza na neno gani?