Shikamoo Iliyovunja Mguu wa Chipu

Mtaani kwetu mume wangu anaitwa Bwana Subiri. Ukimpelekea redio, atakwambia subiri kidogo. Ukimpelekea pasi, subiri kidogo. Kuna mama alimletea feni akiwa mjamzito, akaja kuichukua mtoto anatembea. Lakini kitu kikitoka mikononi mwake kimepona, hakirudi tena, na hilo hata wanaomtukana wanalikubali. Mimi ndiye niliyeolewa naye, kwa hiyo nina haki ya kumsema kuliko wote.

Kitu kimoja tu kinamtia haraka: kumwona mama yangu. Jamani, anavyomwogopa! Mbele ya mkwewe anakuwa kama kuku aliyenyeshewa. Tunaishi nyumba moja, mama chumba cha mbele na cherehani yake, sisi nyuma, na miaka yote hiyo maneno waliyoambiana wao wenyewe ni mawili: shikamoo na marahaba. Mengine yote yalipita kwangu. "Mwambie mama chai iko tayari." Na mama amekaa hapo hapo, masikio anayo. "Mwambie mumeo nimesikia." Ukarani huo sikuuomba, na shukrani yake sijaiona.

Sasa hiyo cherehani. Ni ya kutarizi, inaongozwa na kompyuta ya kizamani yenye kioo cha maandishi ya kijani. Mama anatarizi beji za sare za shule na majina kwenye makoti ya wauguzi. Zamani alitarizi kwa mkono. Macho yakamkataa, mashine ikamwokoa. Ilipoanza kugoma, kaka yangu mkubwa akapata la kusema: iuzwe chuma chakavu, mama ahamie kwake akapumzike. Kupumzika! Kwa kaka, mama angekaa kwenye kochi akitazama televisheni ambayo rimoti yake haitoki mkononi mwa wifi yangu. Mama alinishika mkono jikoni akaniambia, "Mwanangu, nikikaa bure nitakufa mapema." Mama yangu si mtu wa kutaja kifo ovyo. Niliogopa.

Kaka akasema Jumamosi anakuja na gari kumchukua. Asubuhi ya Jumamosi hiyo ndipo Bwana Subiri alipoona umefika wakati wa kuifungua kompyuta. Akasema ugonjwa ni kutu tu. Chipu kuu, kidude cheusi chenye miguu ya bati pande mbili kama jongoo, imeshika kutu miguuni. Ni kuichomoa, kuisugua na kuirudisha. Kuichomoa ni kazi ya taratibu: unaingiza bisibisi upande huu, unainua kidogo, unahamia upande ule. Alikuwa anaifanya vizuri, ulimi nje. Chipu ilikuwa imetoka nusu pale mama alipoingia.

Mtu mwenye akili zake angebaki amekaa. Mume wangu akaruka wima, bisibisi bado iko chini ya chipu. "Shikamoo mama!" Tak!

"Marahaba," mama akajibu. Kisha akanigeukia. "Muulize mumeo kimelia nini."

Mguu mmoja ulikuwa umekatika kabisa, mpaka shinani. Na chipu hizo hazitengenezwi tena, hata ulie damu. Nilimwambia mume wangu maneno ambayo sitayarudia hapa, na nilipomaliza nikaanza upya. "Heshima yako itaniulia mama!" Akanitazama, akasema, "Subiri kidogo." Nusura nimtwange na pasi ya watu.

Akachukua tupa yangu ya kucha, bila hata kuomba, akaanza kuikwangua plastiki pale mguu ulipokatikia. Akakwangua, akapuliza, akakwangua, mpaka kikaonekana kidoa cha chuma kinachong'aa, kidogo kuliko punje ya chumvi. Akakata mguu wa kipuri kibovu cha redio. Mguu huo mpya ulitakiwa ushikiliwe pale pale bila kutikisika, maana yeye mkono mmoja una chuma cha kulehemu na mwingine una waya wa risasi wa kuyeyusha. Nikaushika mimi kwa kibano. Ukadondoka. Nikaushika tena, ukadondoka tena. Nje honi ya kaka ikalia.

"Mwambie mumeo anipe mimi," mama akasema.

"Mwambie mama, kwa macho yake..."

"Mwambie kinachoshika ni mkono, si macho!"

Basi, ikabidi. Bwana Subiri akakaa goti kwa goti na mkwewe, akamshika kifundo cha mkono, jambo ambalo hajawahi kulithubutu, akauongoza mpaka mguu ukagusa mahali pake. Mkono wa mama ukatulia tuli, naye akauachia, akachukua tena chuma chake na risasi. Risasi ikayeyuka, moshi ukapanda, na tone likamwangukia mama kidoleni. Nikamwona anavuta pumzi.

"Tulia wewe, usitingishike!" mume wangu akafoka.

Kaka alikuwa ameshafika mlangoni, mdomo wazi. Nikasema moyoni, haya, leo ndoa yangu imekwisha. Mama hakuachia. Alibaki ameshika, machozi yanamlengalenga, mpaka risasi ikapoa na mume wangu akasema, "Achia."

Akaisugua ile miguu mingine, mmoja mmoja, kaka anatazama saa. Akairudisha chipu. Akawasha. Maandishi ya kijani yakatokea kwenye kioo, sindano ikashuka, ikaanza kutarizi beji. Nilipiga vigelegele, nikalia, nikamkumbatia kaka, ambaye hakuwa na hamu ya kukumbatiwa.

"Mama, gari liko nje," kaka akasema.

Mama hakumsikia. Alikuwa amemnyooshea mkwewe kidole chenye lengelenge. "Wewe! Umeniunguza."

"Ulitikisika, mama."

"Nani, mimi? Nimeshika sindano hujazaliwa!"

"Kidogo, mama. Ulitikisika kidogo."

"Mwongo mkubwa wewe! Na huyo shemeji yako mwambie arudi kwake, hapa kuna kazi."

Nikaona mambo yanaharibika, nikaingilia kama kawaida yangu. "Mama, anachotaka kusema mume wangu ni kwamba..."

Wakanigeukia wote wawili.

"Nyamaza wewe," mama akasema. "Tunaongea."