Baba Akiitafuta Do

Jumapili hiyo sikuweza kukaa. Nilikuwa nimekuja nyumbani, juu kidogo ya Nkubu, na CD ya mdogo wangu kwenye mkoba: fidla na okestra, kazi za watunzi wa siku hizi, na fidla yenyewe anapiga yeye. Alipelekwa ng'ambo kusomea uinjinia akaishia kwenye fidla, na tangu hapo baba hajaongea naye. Hata salamu.

Kabla ya kutia CD kwenye redio nilimpigia mdogo wangu simu, nikaitia mfukoni bila kukata. Ndiye aliyeniomba. Alitaka kumsikia baba akisikiliza.

Baba amefundisha kwaya ya parokia maisha yake yote, kwa solfa, zile do, re, mi. Mpe wimbo wowote, hata wa tangazo la sabuni, ataitafuta do kwanza, noti ambayo wimbo hutoka na kurudi kwake, aipige kwa kidole gotini, ndipo noti zingine zifuate. Basi fidla ikaanza, kidole kikainuka. Kikabaki hewani.

"Bado wanakaza nyuzi?"

"Ndio muziki wenyewe, baba."

"Wapi. Do iko wapi?"

Nilikasirika, sitaficha. Mtoto wake anapiga mpaka mwili unasisimka, na mzee mzima anatafuta do. Nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Nikatoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Fidla ilikimbia huku na huku, tarumbeta zikaifuata, na baba akaimba chini chini, so, la, akaacha, akajaribu upya. Nikasema moyoni, akimtukana tu, nakata simu.

Muziki ukaisha. Nikaingiza mkono mfukoni, tayari.

"Haina do," akasema. "Nimetafuta kila mahali. Huyu mtoto ametembea hivi, bila pa kukanyaga, miaka yote hii, na mimi sijawahi kumuuliza kama amefika."

Mfuko wangu ukasema, "Baba."

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee wala hakushtuka.

"Kumbe uko hapo," akasema. "Haya, nieleze. Ukishaenda huko kote, unajuaje pa kurudi?"

Mdogo wangu, ambaye jukwaani huwaeleza watu mambo hayo hayo kabla ya kupiga, akaanza kulia. Baba akavuta kiti chake karibu na mfuko wangu, akakaa, akamngoja amalize.