Geti Alilolifunga Des Trewin

Kisa hiki hamtakiamini, na sitawalaumu. Hata mimi, niliyekaanga chipsi miaka ishirini na mbili katika mgahawa huu wa kituo cha mafuta, jirani wa karibu akiwa kilomita mia mbili, na niliyekwisha kusikia uongo wa kila dereva wa Australia, hiki kilinikwama kooni. Lakini mwenyewe yu hai. Amekaa pale dirishani anakula pai yake na sosi ya nyanya, masikio kayatega kama sungura.

Basi Des Trewin, mzee wa miaka sabini na moja, alikuwa mfuga ng'ombe wa maziwa huko Gippsland, kwenye majani mabichi na mvua isiyokoma. Alipouza shamba akanunua gari lenye kitanda na jiko ndani, akamwambia mkewe, Coral, "Twende tukaione nchi, mama."

Coral hakuinua uso kutoka kwenye sweta aliyokuwa akifuma. "Nimekufungulia mageti miaka thelathini na nane, Des. Hayo ya jangwani kajifungulie mwenyewe."

Akadhani mama anatania. Mama hakuwa anatania.

Na barabara zile zinazokatiza malisho zina desturi yake: dereva hashuki. Anayeshuka kufungua geti ni yule aliyekaa ubavuni mwake. Asiye na mtu ubavuni, basi hiyo ni adhabu: simama, shuka, fungua, pitisha gari, simama, rudi kwa miguu, funga. Des aliyapita mageti kumi na tisa hivyo hivyo, na kila alipopanda tena alikitupia jicho kiti cha pili, kilichokaliwa na ramani na mkate. Ilikuwa Novemba, wenye akili zao wote wamekwisha kulikimbia joto. Siku sita tangu ajaze mafuta hajapishana na gari hata moja. Akaanza kuusalimia mkate. Chekeni tu, hamjakaa huko siku sita.

Geti la ishirini alilikuta wazi. Tena si wazi tu, limekazwa kwa waya kwenye nguzo lisije likajifunga. Sasa mtu wa ng'ombe wa maziwa ukimwonyesha geti lililo wazi, umemwonyesha mtoto anayetambaa kuelekea motoni. Des akaufungua waya, akaukunja vizuri, akautundika, akalifunga geti. Kisha akajisifu kwa sauti, maana wa kumsifu hakuwepo: "Watu wa siku hizi hovyo kabisa!"

Kilomita mia na thelathini mbele akapata mti wenye kivuli, akapumzika siku mbili. Asubuhi ya kuondoka akafika kwenye geti jingine, nalo limekazwa wazi kwa waya. Ng'ombe walikuwa wakipita hapo polepole, wanatoka malishoni kwenda kwenye hori la maji.

Des akazima injini. Akautazama ule waya. 

Lile alilolifunga yeye lilikuwa njia ya ng'ombe kwenda kunywa. Siku mbili, na joto la nyuzi arobaini na nne.

Simu haina mtandao. Redio inakoroma tu. Dizeli ingemfikisha hapa kwangu, lakini akirudi nyuma isingemtoa tena. Na hakuna aliyemwona. Hilo ndilo lililomkaba: angeendelea na safari, na dunia nzima isingejua. Akakigeukia kiti cha pili apate shauri. Mkate haukusema neno.

Akageuza gari.

Aliwasikia kabla ya kuwaona. Walikuwa wamesongamana getini, ndimi nje, wa nyuma wakiwakandamiza wa mbele, sauti zimekauka kama bawaba zenye kutu. Des akalivuta geti, akajibana kwenye nguzo, wakampita kama mafuriko. Vumbi lilipotua alikuwa amebaki ndama mmoja, amelala ubavu.

Alikuwa amepiga magoti, anamkamulia maji mdomoni kwa kitambaa kutoka kwenye beseni la vyombo, pikapu ilipofika. Akashuka Roslyn Haddrick, mwenye ng'ombe.

"Nani kafunga geti langu?"

"Mimi."

"Wewe? Mtu mzima hivyo? Waya hukuuona?"

"Niliuona. Niliukunja."

"Kaukunja!" Roslyn akamwambia mbwa wake. "Umesikia? Kaukunja! Babu, geti unaliacha ulivyolikuta. Hapa hata mtoto wa chekechea anajua. Umetoka mwezini?"

"Gippsland. Nilikuwa na ng'ombe wa maziwa."

"Ndiyo maana! Wale mnaowavisha blanketi!"

Akamshambulia, akampumzisha, akamshambulia tena. Na Des, aibu imempanda mpaka masikioni, akajikuta anaomba moyoni mama huyu asinyamaze. Siku nane hakuna aliyemsemesha.

"Na umerudia nini?" akauliza Roslyn.

"Kulifungua."

Roslyn akamtazama. "Wenzako huwa hawarudi," akasema, sauti imeshuka. "Uko na nani?"

"Peke yangu."

Roslyn akaenda nyuma ya pikapu. Akashusha dumu la dizeli bila kuombwa, akachuchumaa upande wa pili wa ndama, akamshika kichwa.

Na hapa ndipo mtakapokataa kuamini. Jua utosini, ndama hapumui, Roslyn mwenyewe kakata tamaa. Des akamsugua kifua, akamnong'oneza yale maneno wanayonong'onezwa ndama wa Gippsland wakati wa baridi, mara ndama akapiga chafya! Akainua sikio moja, akainua la pili, akasimama kwa miguu yote minne, akamfuata Des mpaka mlangoni, akapanda garini kama abiria aliyekata tiketi, wakaja naye hadi hapa, nami kwa mikono yangu hii nikampa ma—

"Hakusimama," akasema Des kutoka dirishani. Uma kauweka chini. "Alikufa saa sita kasoro. Roslyn ndiye aliyemfumba macho. Sema hivyo."