Pale Njia Mbili Zilipokuwa Moja

Ninyi vijana mnaoshika usukani kabla ndevu hazijaota vizuri, haya nawaandikia ninyi. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute maneno ya mapambo humu. Kuendesha gari sijui. Lakini nimekaa kiti cha mbele miaka mingi, na macho ninayo.

Siku hizi mna neno lenu, kuchomekea. Zamani tulichomekea shati. Sasa mtu anatoka pembeni, anaingiza pua ya gari mbele ya mwenzake, mnasema kachomekea. Na mlio kwenye foleni mnaona ushujaa ni kumzibia, mpaka bampa zinagusana. Aliyeruka foleni na aliyefika mwisho wa njia yake, kwenu wote ni wachomekeaji. Hawafanani hata kidogo. Nitasema nilikoujua ukweli huo.

Dada yangu wa tumbo moja alifariki Mlali. Alikuwa na mtoto mmoja tu, mwanamume, anafanya kazi Dar es Salaam. Mtoto wa dada yangu ni mwanangu, naye ananiita mama mdogo. Asubuhi ya mazishi alinipigia simu akiwa Chalinze, kwenye gari la kukodi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Umefika wapi?"

"Chalinze. Mama mdogo, msimfunike uso kabla sijafika. Nakuomba."

"Njoo. Tutakusubiri mpaka baada ya adhuhuri."

"Na nikichelewa?"

"Usichelewe."

Ndivyo nilivyomjibu. Kwetu maiti hawekwi, na milima ilikuwa imejifunika wingu tangu alfajiri.

Mimi nakaa Kihonda. Kijana wangu wa kumzaa alinifuata na pikapu anayobebea nyanya, kwa sababu mimi ndiye niliyengojwa kumwosha marehemu. Tukavuka mji, tukashika barabara ya Iringa. Mbele walikuwa wanatengeneza kalvati. Kabla ya hapo magari yalipanga safu mbili, na safu zote mbili zilikuwa halali, kibao kilisema hivyo. Penye mapipa yaliyoziba njia ya kulia ndipo zote ziliingia kwenye njia moja. Binti mmoja mwenye bendera aliruhusu upande wetu, akatusimamisha, akaruhusu upande wa pili.

Kulia kwetu lilifika gari jeupe lenye vioo vya giza. Safu yake ikaisha, mapipa yako mbele yake, hana pa kwenda. Akawasha taa ya kuingia kwetu.

Nasema sasa hivi ili msihangaike kubahatisha: kwenye usukani wa gari lile alikuwa mtoto wa dada yangu. Sisi hatukujua. Naye hakutujua, maana pikapu ile ilinunuliwa karibuni na hakuwahi kuiona, na macho yake yalikuwa kwenye nafasi, si kwenye nyuso.

"Mpishe huyo," nilimwambia kijana wangu.

"Anachomekea, mama."

"Njia yake imekwisha. Amewasha taa."

"Ukimpisha mmoja wanaingia kumi. Hapa si bombani."

"Bombani tunapokezana. Ndoo ya foleni hii, ndoo ya foleni ile, na wote tunarudi na maji."

"Sasa mama, tunawahi msiba au tunachota maji?"

Akakanyaga mafuta, akapiga honi, akajaza ile nafasi yote. Bodaboda mmoja aliyekuwa anapenya katikati akagonga bodi ya pikapu kwa kiganja.

"Oya mzee, unalinda geti? Mwache mwana apite!"

"Pita na kimeo chako cha pikipiki!" kijana wangu akamjibu.

Taa ile kwangu ni hodi. Mtu akipiga hodi waweza kuwa na shughuli zako, waweza kuwa humpendi, lakini unaitika. Hamjawahi kuniona nasimama nyuma ya mlango nausukuma kwa bega ili mgeni asiingie, tena mlango wenyewe ndio huo mmoja tu. Lakini siku ile sikuwa na usukani, na mwenye usukani hakuitika.

Bendera ikapepea, tukapita. Sisi ndio tuliokuwa wa mwisho. Nyuma yetu yule binti akasimamisha.

"Umeona?" kijana wangu akasema. "Tungempisha yule, tungebaki sisi."

Na ni kweli. Tungebaki sisi. Nami ningechelewa kumwosha dada yangu, wangemwosha wanawake wengine, maana waoshaji Mlali hawakosekani. Mtoto wa marehemu alikuwa mmoja.

Baadaye ndipo tulipoelezwa. Upande wa pili uliporuhusiwa, lori la mbao lilikatika ekseli palepale kwenye wembamba. Hakuna aliyekwenda mbele wala nyuma. Mtoto wa dada yangu akakaa ndani ya gari lake akidhani lori litaondolewa. Simu ikamzimikia.

Sisi tulifika Mlali, nikaingia ndani na wenzangu. Tulimwosha, tukamvisha sanda, tukauacha uso wazi. Watu wakaaga mmoja mmoja. Adhuhuri ikaswaliwa. Mvua ikashuka kutoka mlimani kama tulivyoiogopa. Mzee wa msikiti akasimama mlangoni, kofia yake inachuruzika.

"Mama, kaburi linaingia maji."

"Mtoto yuko njiani."

"Simu yake?"

"Haipatikani."

"Basi tusubiri kidogo."

Akaondoka. Nikakaa kando ya dada yangu, kila pikipiki iliyonguruma nje nikainua kichwa. Yule mzee akarudi. Matope yalikuwa yamempanda mpaka kwenye kanzu, nikajua udongo umeanza kuporomoka. Nikamtazama dada yangu mara ya mwisho. Nikauvuta ule upande wa sanda, nikaufunga. Mimi niliyeombwa nisifunike ndiye niliyefunika.

Wanaume walikuwa wanarudi makaburini, miguu myekundu kwa udongo, alipofika juu ya bodaboda, ameloa chapachapa. Hakuhitaji kuuliza. Alisimama uani, mikono imening'inia. Halafu akaiona ile pikapu pembeni ya uzio. Akaisogelea, akaitazama mbele, akaitazama na namba yake. Kijana wangu alikuwa anatoka kunawa miguu.

"Hii gari ni ya nani?"

"Yangu, kaka. Pole sana, kaka."

"Ndiye wewe uliyekuwa pale kwenye mapipa?"

Kijana wangu akatazama chini.

"Nilikuwashia taa," mwenzake akasema.

"Sikujua ni wewe, kaka. Haki ya Mungu sikujua."

"Ulitaka nikuletee kitambulisho?"

Hakupaza sauti. Afadhali angegomba. Alikuja akapiga magoti mbele yangu, akaniuliza mama yake alikuwaje. Nikamwambia alikuwa ametulia, uso wake mzuri, kama mtu aliyelala baada ya kupalilia. Akataka nirudie. Nikarudia. Ndicho alichopata, maneno yangu. Usiku alilala kwenye mkeka barazani, na kijana wangu alilala mkeka huohuo, hawakusemezana.

Wamekuja kusemezana baadaye, ni ndugu. Lakini mpaka leo akija Mlali hupitia kwangu Kihonda kwanza, na kabla hajanywa chai huniomba nimweleze tena uso ule.

Hitma ilipokwisha tulirudi Kihonda. Niliwaita wote sebuleni, kijana wangu na mkewe, na wajukuu waliokuwa wanajifunza gari. Mmoja akaanza kusema eti hata angeruhusiwa pengine asingewahi. Nikamnyamazisha. Sikukaa kitini. Nikawaambia:

"Popote njia mbili zinapokuwa moja, shusheni kioo, mtazameni mtu usoni. Apite mmoja, kisha mpite ninyi. Atakayeziba nikiwa ndani ya gari, azime palepale anishushe, nitakwenda kwa miguu."