Kilichokuwa Kikigonga kwenye Pikapu ya Beatus

Fundi Hermenegildi ana mdomo mchafu, na mimi ninayeuza chai jirani na gereji yake hapa Viwanja Sitini, Ifakara, nimechoka kumtetea. Ukimpelekea gari uliloliharibu mwenyewe, atakwambia mbele za watu kwamba umeliharibu wewe, na namna ulivyoliharibu. Mwalimu mmoja aliambiwa kufundisha anajua, kuendesha hajui, akakasirika mwezi mzima. Lakini alirudi. Wote hurudi, maana huyu mzee hadanganyi. Alitoka Mahenge akiwa kijana, akajifunza injini kwenye matrekta ya mashamba ya mpunga, na tangu mkewe Eveline afariki hana kingine zaidi ya magari ya watu na kubishana na mimi.

Masika haya, Beatus wa kijiji cha Mofu alileta mchele mjini kwa pikapu yake kuukuu. Alikuwa bado anashusha magunia dada yake Noela alipopiga simu. Mama yao, Bi Angelina, amezidiwa, anapumua kwa shida, na zahanati imesema aletwe hospitali Ifakara haraka. Bodaboda isingefaa kwa mtu asiyeweza hata kukaa. Gari la kumfuata lilikuwa hilo hilo la Beatus, na tangu alfajiri injini yake ilikuwa inagonga ti-ti-ti-ti, na kila akikanyaga mafuta mlio unaongeza kasi.

"Shikamoo, fundi. Nisikilizie tu kama itanifikisha Mofu na kunirudisha. Mama yuko hoi."

"Marahaba. Washa."

Hermenegildi alichukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye injini, mpini akautia sikioni. Alianzia chini, akapanda taratibu, na alipofika juu kwenye valvu akakunja uso.

"Zima. Ni tapeti zinagonga. Uliongeza oili?"

"Juzi."

"Oili gani?"

"Oili tu, fundi."

Tapeti, vile vyuma vinavyosukuma valvu, zikilegea hurekebishwa upesi, na Beatus alishaanza kutabasamu. Ila kava la juu ya injini lilipofunguliwa, ndani kulikuwa kukavu. Oili haikuwa inapanda kabisa. Hapo mzee akasema lazima ashushe sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, aone kilichoziba, na kazi hiyo ingekula nusu ya siku.

"Niache niende hivyo hivyo," Beatus akasema.

"Nenda. Ikikufia kwenye tope, mama utambeba mgongoni?"

Angeweza kulisema kwa upole. Beatus alishika kichwa, akazunguka gari, mwishowe akasema basi, shusha. Akakimbilia stendi kutafuta gari lingine. Wenye magari walikuwepo, lakini kila aliyesikia Mofu na mvua ile alitikisa kichwa.

Sampo liliposhuka nilikuwa nimempelekea mzee chai. Ndani yake kulikuwa na tope zito la oili, na chujio la pampu ya oili limeziba kwa pumba za mpunga. Alinionyesha kwenye kidole, wala hakutukana. Huku kwetu nani asiyejua? Mashine ya kukoboa ikibadilishwa oili, ile ya zamani inawekwa kwenye ndoo wazi pale pale penye vumbi la pumba, na kwa kuwa bado nzito mtu anaona uchungu kuimwaga. Anaibeba nyumbani. Mwenye akili anapaka mnyororo wa baiskeli. Beatus, ambaye hufanya kazi mashineni, alikuwa ameitia kwenye gari.

Mzee aliosha chujio kwa dizeli, akafunga sampo, akatia oili mpya, akarekebisha tapeti, chai ikapoa bila kuguswa. Jua lilikuwa limeshapinda injini ilipowaka na kutulia. Akapanda na Beatus ili asikilize njiani. Walifika Mofu bila kusimama popote, wakakuta wanawake wamejaa uani wanalia. Bi Angelina alikuwa amekata roho mchana, sampo likiwa bado chini.

Nilikwenda kuzika. Katekista alipomaliza na watu wakaanza kutawanyika, Beatus alimfuata mzee, macho yamevimba.

"Fundi, niambie ukweli. Gari langu lilikuwa na nini?"

Ninaujua mdomo ule. Nilitaka kumkanyaga mguu anyamaze.

"Uzee tu," Hermenegildi akasema. "Tapeti zililegea. Ningezirekebisha asubuhi ile ile ukaenda zako. Sampo nililishusha bure."

Beatus akamwambia aondoke kwenye msiba wa mama yake. Mzee akavaa kofia, akashika njia kwa miguu, nami nikamfuata nikilia kwa hasira.

Sasa Mofu nzima inasema Hermenegildi ndiye aliyemuua Bi Angelina, na magari ya huko yanampita bila kusimama. Nilimwambia nitampigia Beatus simu nimweleze habari za pumba, maana dhuluma hii siiwezi. Aliweka kikombe chini.

"Ukimpigia, atakwenda kuishi vipi na hilo?"

Simu ninayo mkononi hapa. Namba ya Beatus ninayo. Kila gari la Mofu likipita namtazama mzee ameketi peke yake gerejini, na sijampigia.